Uandishi wa hip hop umekufa? Jibu kwa mchanaji wa Mwanga, Kigoma

Swali: Kaka, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 22, naishi Mwanga hapa Kigoma, nachana tangu nikiwa sekondari. Wakubwa wa muziki huu wanasema uandishi wa hip hop umekufa, siku hizi ni biti na kelele tu. Wenzangu nao wananiambia mistari mizito haiuzi, niandike vitu vyepesi. Je, ni kweli? Na mtu wa huku kwetu aandike vipi, kama watu wa Dar, au aweke na Kiha? Nakutumia mistari yangu minne uniambie ukweli. Samahani nimechelewa kuituma, nilikuwa namsaidia mama. Yeye ananunua dagaa mwaloni Kibirizi, boti za wavuvi zinaposhukia, na kuuza, na mbalamwezi ikiwaka hakuna kazi, tunaishi kwa mkopo wa kikoba mpaka giza lirudi.

Natinga kwenye gemu, wote nawafunika,
mistari ikishuka wapinzani wanazimika,
jina langu Afrika nzima linasikika,
nikishika maiki ukumbi unatingishika.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeomba ukweli, basi naanza na mistari yako, hayo ya kufa na kupona kwa hip hop yatafuata.

Umemaliza na nawafunika, wanazimika, linasikika, unatingishika. Vina vimekaa, sikio halilalamiki. Lakini jiulize nani kavitafuta. Matatu kati ya maneno hayo ni vitenzi vya kauli ya kutendeka, na vitenzi vya namna hiyo Kiswahili kinavyo tele: vunjika, fanyika, chanika, pasuka nenda mbele. Sarufi imekugawia vina hivyo mlangoni, wewe umenyoosha mkono tu ukapokea. Mimi naviita vina vya bure. Vingine vya jamii hiyo ni -isha, -iana, -ania, na ule mtindo wa kumaliza kila mstari kwa "mimi", "wewe", "sana", "tu".

Anayechana kwa Kiingereza hana zawadi hiyo. Maneno yake yanaishia kwa konsonanti za kila aina, kwa hiyo akikutana na neno gumu inabidi ahangaike. Sisi silabi zetu karibu zote zinafungwa na irabu, na irabu ziko tano basi. Chomoa maneno mawili yoyote kwenye kamusi, nafasi ya kugongana mwishoni ni kubwa. Ndiyo maana msikilizaji wa Kiswahili hashtuki kwa sababu tu umepata kina. Amesikia vina tangu utotoni, kwenye mashairi ya redio, kwenye nyimbo za shule, kwenye taarabu ya shangazi yake. Ukitaka ageuze shingo, lazima umlipe kwa kitu kingine.

Sasa fanya jambo moja. Chukua mistari yako, wa nne uuweke kwanza, wa pili uuweke mwisho. Umeona? Hakuna kilichoharibika. Ungeweza hata kuufuta mmoja na hakuna ambaye angeuliza umekwenda wapi. Hicho kipimo nakitumia kila ninaposikiliza wimbo mpya, na nakuambia kwa uchungu, nyimbo nyingi zinazosifiwa leo zinaanguka hapo. Kila mstari umesimama peke yake na panchi yake, yaani pigo lake la maneno, "mimi kama hiki", "wewe kama kile", mpaka baa 16, vile vipimo vya biti, zinakwisha na hujui mtu huyu ametoka wapi wala anakwenda wapi. Kwenye mashindano ya kuchana uso kwa uso mtindo huo una mahali pake, kwa sababu pale kila mstari ni ngumi na umati uko mbele yako. Shida imekuja tulipouchukua mtindo wa ulingoni tukaufanya ndiyo namna pekee ya kutunga wimbo.

Lakini barua yako ina mstari mzuri kuliko yote minne. Hukuujua kwa sababu uliuandika ukiomba samahani. Mbalamwezi ikiwaka hakuna kazi, tunaishi kwa mkopo wa kikoba mpaka giza lirudi. Mdogo wangu, hiyo ndiyo hip hop. Duniani kote watu wanaimba mwezi kama pambo la wapendanao. Wewe umekulia mahali ambapo mwezi mpevu ni njaa, kwa sababu dagaa wanavuliwa kwa taa, na ziwa zima likiwa jeupe kwa mbalamwezi taa haimwiti dagaa yeyote. Mtu wa Dar hawezi kuubuni mstari huo hata akae studio mwaka mzima. Wewe unao, na umeutupa kwenye samahani, halafu ukaenda kutinga kwenye gemu.

Nimejaribu kuupanga, uone ninachosema:

Saa kumi ya usiku, mama yuko Kibirizi,
beseni juu kichwani, macho yana usingizi;
mbalamwezi imeng'aa, ziwa limefunga duka,
deni limelala nasi, twagawana nalo shuka.

Angalia vina kwanza. Kibirizi na usingizi: irabu tatu za mwisho zote ni i, na mkazo umeangukia mahali pamoja, ri na ngi. Duka na shuka ni majina ya vitu, vitu vyenye uzito, unaweza kuvishika. Sarufi haikunisaidia hata kidogo, nimevitoa mwaloni na kitandani. Halafu jaribu kuivuruga mistari hii kama tulivyovuruga ile. Deni haliwezi kulala kabla ziwa halijafunga duka. Mama hawezi kubeba usingizi machoni kabla hatujajua ni saa ngapi. Mstari mmoja unamsukuma mwenzake.

Sasa hesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Mba-la-mwe-zi i-me-ng'a-a, nane. Zi-wa li-me-fu-nga du-ka, nane. Kila mstari una 16, umekatika katikati, kama tarbia, lile shairi la mishororo, yaani mistari, minne kila ubeti, uliyofundishwa shule ukaiona ya wazee. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu watu wanaochana na watu wanaotunga mashairi wamekaa nyumba moja miaka yote hii bila kusalimiana. Baa moja ya biti ina mapigo manne, na kila pigo prodyuza, mtengeneza biti, analigawa vipande vinne. Nne mara nne, 16. Ukichana silabi moja kwa kila kipande, mshororo wa tarbia unajaa ndani ya baa moja bila kubaki wala kupungua, na ule mkato wa katikati, kwenye kina cha kati, unaangukia mwanzo wa pigo la tatu. Kwa biti ya kawaida ya hip hop, mapigo 90 kwa dakika, baa inachukua sekunde 2.7 hivi, yaani silabi 6 kwa sekunde. Ni mwendo wa mtu anayeongea kwa haraka akiwa na jambo la kusema. Babu zetu hawakuwa na mashine ya biti, ila kifua ni kile kile.

Na unajua aliyetuandikia sheria hizo alitoka wapi? Kwenu. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, na mwaka 1954 akatoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi, pamoja na diwani yake. Ndiye huyo aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria, na uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake. Kila nikimsikia kijana wa Kigoma akisema mambo ya vina yametoka Marekani, naumia. Kutoka Mwanga mpaka Ujiji ni nauli ya daladala. Amri Abedi alishikilia kwamba shairi ni kitu cha kuimbwa, na kama haliimbiki lina kasoro. Ukilibeba neno hilo mpaka studio, utakuta linakaa vizuri kabisa.

Sasa niikosoe na ile mistari minne niliyoandika mimi, maana sitaki uichukue kama ilivyo. Ina makosa mawili ambayo shairi linayavumilia na biti haiyavumilii. La kwanza ni pumzi. Ukijaza silabi 16 kwenye kila baa, baa nne mfululizo, utavuta hewa saa ngapi? Mshairi anapumua kwenye mkato, kwa sababu hana saa inayomkimbiza. Wewe unayo. Kwa hiyo mchanaji mzuri anapunguza hapa na pale, 13, 14, anaacha tundu. Na tundu hilo ni sehemu ya utunzi. Ukisema "ziwa limefunga duka" kisha ukanyamaza pigo zima, msikilizaji anapata muda wa kuliona ziwa. Wachanaji wengi wa sasa wanaogopa ukimya kama watoto wanavyoogopa giza. Wanaujaza kwa "yeah", kwa kelele za pembeni, kwa kutaja jina la prodyuza.

Kosa la pili ni "twagawana". Nani Mwanga anasema twagawana? Hilo ni neno la kwenye shairi, nimeliweka ili mizani itimie, na sikio la kijana wa mtaani litalikataa papo hapo. Utamwambia rafiki yako "tunagawana shuka". Basi sema hivyo, na neno "nalo" liondoke, upate "deni limelala nasi, tunagawana shuka". Silabi moja imepungua, ndiyo hiyo pumzi yako. Hapa ndipo hip hop ilipoachana na mashairi ya magazetini: ilikataa kuongea Kiswahili ambacho hakuna anayekiongea. Urithi huo ulinde.

Nije kwenye swali lenyewe. Wakubwa wanasema uandishi umekufa kwa sababu biti imemeza maneno. Nawaheshimu, wengine nimekaa nao meza moja, ila hapo hawajaanza mwanzo. Muziki huu ulianzia kwenye biti. Agosti 1973, kule Bronx, New York, DJ Kool Herc alikuwa anarefusha vile vipande vya ngoma ili watu wacheze, na maneno kwenye maiki yalikuwa ya kuwachangamsha wachezaji tu. Ilichukua mpaka mwaka 1982, Grandmaster Flash na kundi la Furious Five, ndipo dunia iliposikia wimbo mkubwa unaoeleza maisha ya mtaa mbovu mstari kwa mstari. Miaka tisa! Na huku kwetu Saleh Jabir alipovuma mwaka 1991, alikuwa amepachika Kiswahili juu ya biti ya wimbo wa Marekani. Kila mara mdundo umetangulia, na uandishi umekuja nyuma ukidai nafasi yake. Kwa hiyo kijana akipenda biti kwanza, sioni msiba hapo.

Halafu kuna jambo la kumbukumbu. Mimi nimekulia hapa Tabora, enzi za kanda. Tulikuwa tukikaa chini ya mwembe, redio ndogo ya betri katikati, mmoja ameshika kalamu na daftari. Tunacheza mstari, tunasimamisha, tunaandika, tunarudisha nyuma. Kanda ikilegea, tunaizungusha kwa kalamu ile ile. Pale ambapo hatukusikia neno tunaacha nafasi wazi, na kesho yake kila mtu anakuja na neno lake la kujaza, na ugomvi unaanza. Najua leo kwamba ugomvi ule ndio uliotufundisha kuandika. Lakini najua pia kwamba kanda nyingi hatukuziandika. Zilikuwa mbovu, tukarekodi juu yake vitu vingine. Sasa mtu mzima anapokaa kukumbuka, anakumbuka zile tu zilizobaki kwenye daftari, halafu anazipima na kila takataka iliyotoka wiki hii. Mizani ya namna hiyo haiwezi kusema kweli.

Chukua wimbo mmoja uliobaki, "Ndio Mzee" wa Professor Jay, wa mwaka 2001. Watu wanausifu kwa ujumbe. Mimi naona ufundi wake uko kwingine. Mtunzi amejiondoa. Anayeongea ni mgombea, anamwaga ahadi za ajabu, na wananchi wanaitikia ndio mzee. Hakuna mahali mtunzi anasimama kukuambia kwamba wanasiasa ni waongo, amekuachia uone mwenyewe kwa jinsi ahadi zinavyozidi kukua. Ukiwaza, ni muundo wa zamani mno: mmoja anatoa, wengi wanaitika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakibeba mizigo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo waliimba hivyo njiani. Manju wa ngoma Unyamwezini na Usukumani anaimba hivyo mpaka leo, anataja yaliyotokea kijijini na wachezaji wanapokea. (Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi. Maisha yana njia zake.)

Leo nani anaandika hivyo? Wapo. Dizasta Vina anajenga wimbo mzima kama kisa, una watu ndani yake, una siri inayofunguka polepole, na ukiukatiza katikati umepoteza. Fid Q anajua kulaza neno lenye maana mbili ukalipita, ukarudi kulisikia siku ya tatu. Rosa Ree ana ukali wa matamshi ambao wanaume wengi hawana, kila silabi imekatwa kwa kisu. Wanaosema uandishi umekufa wawasikilize hao kwa daftari mkononi kama tulivyofanya chini ya mwembe, halafu tuongee.

Nilichokiona mimi kikiugua ni kusikiliza. Na sisi wakosoaji tuna sehemu yetu kubwa. Tumeandika miaka na miaka nani mfalme, nani kamjibu nani, video imetazamwa mara ngapi, na katika makala nzima hatunukuu hata nusu mstari. Niliwahi kupeleka redio moja kipindi cha kuchambua vesi moja, yaani ubeti mmoja wa wimbo, kwa nusu saa. Nikaambiwa watu hawataki kusoma mashairi, wanataka kucheza. Sikubishana, nikaondoka, na nimejuta kwamba sikubishana.

Kuna ugonjwa mwingine ambao lazima niuseme kwa sababu nimeusikia hata kwa vijana wa Kigoma wanaonitumia kazi zao: floo, ile namna ya kupandisha maneno juu ya biti, ya kuazima. Drill, aina ya hip hop, ilipozaliwa Chicago na kukua London, ilikuja na namna yake ya kuruka, na kabla yake kulikuwa na ile floo ya tatu-tatu, silabi tatu kwenye pigo moja. Zote zilipimwa kwa Kiingereza. Kiingereza kinaweka mkazo popote, mwanzo wa neno, mwisho wa neno. Kiswahili mkazo wake unajulikana, silabi ya pili kutoka mwisho. Ukivaa floo hiyo bila kuikata, unaanza kusema Kigo-MÁ, usingi-ZÍ, na mama yako hakuelewi ingawa maneno yote ni ya Kiswahili. Mtu anadhani kachana haraka. Kavunja maneno, hakuna zaidi.

Lakini simaanishi uikimbie. Tazama majina ya huku kwetu: Kigoma, Kasulu, Kibondo, Uvinza, Urambo, Tabora. Yote silabi tatu, yote mkazo katikati. Floo ya tatu-tatu inataka pigo zito lianguke kwenye silabi ya kwanza ya kila kundi. Ukianza "KI-go-ma" juu ya pigo, umelivunja jina. Fanya hivi: silabi ya kwanza kabisa, ki, iachie kabla ya pigo, kama mtu anayeruka kidogo kabla ya kutua. Kisha: GO-ma-ka, SU-lu-ki, BO-ndo-u, VI-nza-u, RA-mbo-ta, BO-ra. Sema kwa sauti huku unapiga meza kwenye herufi kubwa. Umesikia? Kila jina limebaki na mkazo wake, na floo imekaa. Ukiisema mara tatu utasikia treni, ile inayotoka kwenu ikaja mpaka huku. Mchanaji aliyegundua hilo hana haja ya kuiga mtu wa London, kwa sababu lugha yake imempa mdundo ambao yule hana.

Kuhusu kuandika kama watu wa Dar. Sugu alikuja na Mbeya yake, Fid Q na Mwanza yake, Joh Makini na Arusha, Afande Sele na Morogoro, Roma na Tanga. Ukiondoa watu wa mikoani, hip hop ya Tanzania inabaki na viti vitupu. Walikwenda Dar kwa sababu studio na redio zilikuwa huko, lakini waliofika na kitu walikitoa nyumbani. Wewe huna hata ulazima huo wa safari, studio ya chumbani ipo mpaka Kasulu.

Kiha, weka. Ila usikiweke kama pambo. Nimesikia nyimbo ambazo mtu anachana Kiswahili cha Dar dakika tatu, mwisho anatupia salamu moja ya nyumbani ili watu wa kwao wapige makofi. Hilo linanichosha. Tumia Kiha pale ambapo Kiswahili kinakosa neno, au pale ambapo mtu unayemwelezea asingeongea kingine. Kama bibi yako alimwambia mama kitu kwa Kiha siku ile alipoondoka kijijini, mwache aseme kwa Kiha, usimtafsirie. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipoungana na kutoa "Leka Dutigite", jina lilikuwa la Kiha na nchi nzima iliimba. X Plastaz wa Arusha nao walichanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, wakasikika mpaka Ulaya. Msikilizaji haogopi neno asilolijua kama ametambua sauti ya mtu wa kweli inalisema. Na usisahau kwamba Kigoma haina lugha mbili tu. Kuna Kiswahili cha Ujiji chenye ladha yake, kuna Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kinachoshuka na maboti kutoka Kongo, chenye Kifaransa ndani. Kaa mwaloni asubuhi moja, nyamaza, sikiliza watu wanavyopatana bei. Utaondoka na vina vya wiki nzima.

Wenzako wanasema mistari mizito haiuzi. Hapo sitakupaka mafuta: haiuzi haraka, na wengi wanaoiandika vizuri wana kazi nyingine ya kuwalisha. Kendrick Lamar alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2018, mara ya kwanza tuzo hiyo kutoka nje ya muziki wa klasiki na jazi, na nilifurahi kama nimeipata mimi. Lakini tuzo ya Marekani hailipi kikoba cha Kibirizi. Ninachokataa ni hilo neno "mzito". Wenzako wanadhani uzito ni kutumia maneno magumu, kutaja falsafa, kulalamikia serikali. Mistari minne ya mama yako haina neno gumu hata moja. Mtoto wa darasa la tatu anaielewa, na mwanamke yeyote mwenye deni la kikoba anaielewa zaidi yangu. Wimbo wa namna hiyo unaweza kuchezeka kabisa ukipata biti yake na kiitikio kinachoshikika. Uchague kuandika wazi au kuandika hovyo, huo ndio uchaguzi ulio mbele yako. Wepesi na uzito havihusiki hapo.

Kwa hiyo kazi ninayokupa ni hii. Mistari ya kutinga kwenye gemu iweke kando, utaihitaji siku ya mashindano. Andika vesi ya baa 16 kuhusu usiku mmoja tu, usiku wa kwanza baada ya mbalamwezi kuisha, taa zinaporudi ziwani. Usimalize mstari wowote kwa kitenzi mpaka ufike baa ya nane, uone jinsi utakavyobanwa, na uone utakachokipata ukibanwa. Usiseme mama ana uchungu, sema anachofanya na beseni. Ukimaliza, isome kwa sauti jikoni bila biti, yeye akiwa anaendelea na shughuli zake. Angalia ni mstari gani unamfanya aache kukoroga. Huo usiuguse. Halafu irekodi kwa simu, unitumie sauti, usinitumie maandishi.

Na uniulizie kitu kwake. Zamani ziwa lote lilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa wengi wamehamia taa za sola. Watu wa Kibirizi wenyewe wanaziitaje, wanapoongea wao kwa wao pale mwaloni? Jina hilo mimi sina. Nilipokuwa naandika mstari wa tatu nililitafuta, nikalikosa, nikamweka mwezi peke yake. Ukilipata, liweke kwenye baa ya kwanza.